Mgombea wa Mabadiliko na Kompyuta Iliyobadilika

Mwaka wa 2007 nilikuwa na kiofisi cha kuchapa na kupiga kopi Nakuru mjini, karibu na soko. Kompyuta zilikuwa mbili, zote na Windows ya kunakiliwa. Wateja walileta flashi, flashi zikaleta virusi. Kila Ijumaa fundi wangu alikuja, akafuta kila kitu, akaanza upya, akaniambia nisijali. Lakini asubuhi moja virusi vilimeza historia ya marehemu mmoja wa Lanet, mazishi yakiwa saa nne, na mhubiri akalazimika kumsifu kwa kukisia. Hapo nilijali.

Rafiki yangu wa tangu sekondari, aliyekuwa akifundisha kompyuta kwenye chuo kimoja upande wa Njoro, akaniletea CD.

"Hii ni Linux, inakaa badala ya Windows, na virusi hivyo haviiwezi," akasema. "Ni ya bure, na ni halali."

Sikuwa nimewahi kusikia maneno hayo mawili yakikaa pamoja. Tulishinda Jumapili nzima tukiiweka kwenye kompyuta zote mbili.

Mteja wa kwanza Jumatatu alikuwa muuza mbegu na mbolea aliyekuwa akigombea udiwani. Kura zilikuwa bado miezi kadhaa, lakini sote tulishamwita mheshimiwa, maana hakuitika jina lingine. Alikuja turekebishe manifesto yake, ambayo juu iliandikwa kwa herufi kubwa: MABADILIKO SASA. Akaketi kando yangu, akakodolea macho skrini.

"Madam, Start iko wapi?"

"Iko hapa juu, mheshimiwa. Hawa wanaiita Applications."

"Nani aliihamisha?"

Nikamweleza habari za Linux. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali. Nilipofungua manifesto, mistari ilikuwa imeruka, na picha yake imeketi juu ya ahadi ya maji ya mfereji.

"Mimi sitaki kufanyiwa majaribio," akasema. "Watu wamezoea ile ya kawaida. Kitu kinafanya kazi, unabadilisha ya nini?"

Nikatazama kile kichwa cha manifesto. Akachomoa flashi yake, akaenda. Nilibaki na hasira, na woga pia. Nusura nimpigie fundi simu aje arudishe Windows.

Siku ya tatu alirudi akitokwa jasho. Alikuwa amepitia ofisi mbili za jirani zenye Windows, na kwenye ile ya pili flashi ilionekana tupu. Mkutano wake ulikuwa saa nane. Nikaichomeka. Kila kitu kilikuwepo, manifesto, hotuba, hata picha za harusi. Virusi vilikuwa vimeyaficha tu mafaili hayo, na Linux haikujua kwamba ilitakiwa isiyaone.

Mheshimiwa akapunguza sauti. "Kumbe hii inaona!"

Alipotoka hapo alilitangazia soko zima. Watu wakawa wanakuja na flashi zao kwa heshima, kama wanaokwenda kuombewa. Mama mmoja aliuliza kama inaweza kuona pia ni nani aliyemwibia kuku.

Kisha mheshimiwa akashindwa kwenye mchujo wa chama chake. Kesho yake, kabla sijamaliza kufagia, alikuwa mlangoni na flashi.

"Badilisha tu jina la chama," akasema. "Hayo mengine acha hivyo."

Nikaiamuru kompyuta itafute jina la zamani na kuweka jipya kila mahali. Ilimaliza kabla hajaketi.

"Imeisha?" akauliza, amevunjika moyo kidogo, nadhani alitaka angalau ichukue dakika tano. "Haya, na rangi basi."

Tukabadilisha rangi. Kwenye uchaguzi alishindwa tena.

Mwaka uliofuata, mji ulipotulia baada ya ghasia za uchaguzi zilizonifanya nifunge, nilifungua ofisi tena. Kompyuta moja niliiacha na Linux. Nyingine niliirudishia Windows, safari hii ya kununua, kwa ajili ya walimu ambao mitihani yao ilikataa katakata kunyooka kwenye Linux. Fundi hakuelewa kwa nini nilinunua kitu ambacho yeye angeninakilia. Alikasirika, akaacha kunisalimia karibu mwezi mzima.