Vidole Vyeusi vya Osea Nzunda

Haikuwa piko, ile rangi nyeusi ya harusini, na marehemu Osea Nzunda hakuoa mke wa pili Tunduma. Wanaoendelea kulisema hilo sokoni Vwawa wanajulikana kwa majina na kwa mashamba yao.

Osea, mtu wa Itaka, alikuwa fundi katika maabara ya utafiti wa kahawa. Aliandaa vipande vya majani ya mibuni yenye ugonjwa ili vikaangaliwe kwa hadubini kubwa huko mbali, na kwanza aliviloweka katika dawa ya osmiamu. Viwandani, unga wa metali hiyo hupashwa moto katika oksijeni, zikapatikana fuwele za njano hafifu, nazo husafirishwa ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa kabisa. Zinapendeza, ila hazina adabu. Hazisubiri kuyeyuka, zimekaa tu, tayari ni mvuke, harufu kali, na mvuke huo huharibu macho. Kinachozituliza ni mafuta: zikiyagusa hugeuka masizi meusi. Ndiyo maana kila mwezi Osea alikwenda Tunduma kwa Mwasiti, mke wa Yahaya mwenye malori, kununua dumu la alizeti la kumwagia dawa pale itakapomwagika.

Mwaka wa uchaguzi wa wazee wa kanisa, jina lake likiwa limependekezwa, ncha za vidole vyake zikawa nyeusi tii. Watu wakaunganisha safari za Tunduma, duka la mama wa Kiislamu na vidole vya harusini. Kwamba piko hupakwa bibi harusi, si bwana, hakuna aliyejali.

Mzee Gibson, mwenyekiti wa baraza, akaja nyumbani.

"Baba Atupele, hebu mikono."

Osea akaionyesha.

"Sabuni imeshindwa?"

"Imeshindwa, mzee."

"Basi jina lako litasubiri. Hatuwezi kumweka mzee wa kanisa mwenye mikono ya arusi tusiyoalikwa."

Enesi, mkewe, mwenye diploma ya ualimu na shingo isiyoinama, hakulia. Kesho yake alimpeleka Mzee Gibson maabara. Osea akawasimamisha mbali, nyuma ya kioo cha kabati linalovuta hewa chafu nje. Akadondosha alizeti kwenye karatasi, juu yake tone la dawa. Doa likawa la kahawia, kisha jeusi kama kitako cha chungu.

"Kumbe," Mzee Gibson akasema. "Lakini si una glavu?"

Osea akatazama dirishani. Glavu zilining'inia kwenye kamba, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Ni za kuvaa mara moja na kutupa; yeye alizifua kama soksi za watoto, maana kwao Itaka kitu hakitupwi kikiwa bado kinaingia mkono. Zilikuwa na matundu ya kupitisha sindano.

"Sawa, matundu. Na mafuta vidoleni yametoka wapi?"

"Najipaka mwenyewe, mzee."

"Baba Atupele, mikono yako Jumapili inang'aa kuliko viatu vyangu. Hakuna mwanaume anayejipaka hivyo."

Enesi akakohoa. Baridi ya Juni huko Mbozi hupasua ngozi, na yeye hakukubali mumewe atoke na mikono iliyopauka kama ya muuza mkaa. Kila asubuhi alimkalisha kwenye kigoda na kumsugua alizeti, kidole kwa kidole, mpaka kwenye kucha.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka apendeze."

Mzee Gibson alicheka mpaka akashika ukuta. Jumapili jina la Osea likasomwa la kwanza, na vidole vikatakata baada ya majuma mawili, kwa glavu mpya na mikono mikavu. Alilitumikia kanisa miaka tisa, mpaka presha ilipomchukua, akiwa na mke mmoja.

Watu bado wanauliza kama Enesi alimwomba radhi mumewe, na kwa maneno gani. Hilo halisemwi hapa, wala pengine.