Rubani Ameisikia Simu Yangu

Leo angani nimejifanya natazama mashamba ya chai.

Ngoja niwaeleze.

Asubuhi mimi na mama tumepanda ndege ndogo kule Njombe, tunakwenda Dar. Abiria watano tu. Rubani akasema tuzime simu.

Mama akazima yake, akatoa na betri kabisa.

Mimi ni fundi simu, Makambako nzima inanijua. Nikamwambia kwa sauti, wote wasikie: "Mama, huo ni utaratibu tu. Simu haiangushi ndege."

Yangu nikaiacha wazi mfukoni.

Tumepaa kidogo tu, rubani akageuka. "Kuna simu iko wazi. Inanikoromea masikioni, na mimi nataka kumsikia mwongoza ndege."

Nikageukia dirisha. (Hapo ndipo mashamba yalipokuwa mazuri.)

Mama akamjibu taratibu: "Pole, baba. Hata redio yangu ya jikoni hukoroma hivyo kabla simu haijaita. Nikiisikia tu, najua mwanangu ananipigia."

Fundi mzima! Na kila siku nawaambia wateja wasiweke simu karibu na redio.

Mama hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu; nikazima simu, nikatoa betri, nikampa.

Tumetua salama. Ndege haikuanguka, kwa hiyo nilisema kweli, au sivyo? Niambieni.

Naandika kwa simu ya binamu aliyetupokea hapa Dar, maana betri yangu iko kwenye pochi ya mama. Alisema atanirudishia tukishuka. Nimemkumbusha kwamba tumeshatua.

"Ndege ndiyo imetua," kasema. "Wewe bado uko juu."