Safari Tuliyomficha Hata Mtahini

Nilipoambiwa nithibitishe kwamba najua Kiingereza, nilikasirika hadi nikacheka. Mimi, muuguzi niliyeandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza miaka minane mjini Kisii! Mimi niliyechapwa viboko darasa la tano kwa kuongea Ekegusii uwanjani! Lakini Australia haikujali viboko vyangu. Anayetaka visa ya wafanyakazi wenye ujuzi sharti afanye mtihani: kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Haya, nikasema, leteni huo mtihani wenu.

Nikaenda Nairobi kuufanya, nikiwa nimeaga kazini kwamba shangazi yangu anaumwa. Kwetu mtu hatangazi safari. Jirani yako wa miaka yote unaweza kumwona kwenye picha amesimama katikati ya theluji, ndipo ujue alishaondoka. Ukisema mapema, kijicho cha watu kitaikalia safari yako na hutafika popote. Mama alinifunza hivyo kabla hajanifunza kuchuma chai.

Kusoma, kuandika na kusikiliza havikunisumbua hata kidogo. Kisha nikaingia chumba cha kuzungumza. Mtahini, bwana mmoja mpole mwenye miwani, akanipa kadi. Nilitakiwa kueleza, kwa dakika mbili, safari ninayopanga kufanya siku zijazo.

Nikamtazama. Naye akanitazama. Mdomo wangu ukajibu wenyewe, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba sina safari yoyote.

“Hata fupi?” akauliza.

“Hata fupi.”

Nikakaa kimya, mikono mapajani, nikijiona mwerevu aliyeuruka mtego. Mjinga mimi! Majibu yalipotoka nilikuwa nimepungukiwa nusu alama kufikia kiwango cha visa, na nilikuwa nimeikosa hapo hapo kwenye kuzungumza. Mwajiri wa Australia aliyekuwa ameniahidi kazi akaandika kwamba atanisubiri hadi mwisho wa mwezi unaofuata, baada ya hapo nafasi apewe mwingine. Muda uliobaki ulinitosha kurudia mara moja tu. Nililia chooni kazini, nikanawa uso, nikarudi wodini kudunga watu sindano.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda nyumbani Ekerenyo, nikamfuata Mama shambani na kumweleza yote. Alisikiliza huku akichuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Nilipofika pale pa kumwambia mtahini sina safari, mikono yake ilisimama.

“Ulimwambia huendi mahali?”

“Ndiyo, Mama.”

“Kwani huyo mtu angekuloga?”

“Si wewe ulinifunza!” Nilipaza sauti, kwa mama yangu mzazi. “Uliniambia nifunge mdomo, nikafunga. Sasa ona!”

Nilingoja kofi, umri huu wangu wote. Badala yake alikaza kamba ya kikapu, akaniambia, “Basi mimi ndiye nitaufungua. Ongea hicho Kizungu chako. Sema unaenda wapi, na usinyamaze mpaka tufike mwisho wa mstari.”

Mama hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Alichuma upande wake, mimi wangu, nikieleza ndege, baridi, hospitali nitakayofanyia kazi. Nikishusha sauti, anasema, “Sema.” Nikikatiza, “Chai haijaisha.” Hakuelewa neno lolote, lakini kila nilipoficha kitu alijua, kama alivyojua zamani nilipodanganya kwamba nimeosha miguu. Kila nilipopata mapumziko tulifanya hivyo.

Siku moja jirani yetu akasimama njiani, mkungu wa ndizi kichwani. Huyu ndiye ambaye Mama alimficha mambo yote, hata mimba zake.

“Huyu msichana wako anahubiria chai kwa Kizungu?” akauliza.

Nikainamia majani. Nilijua uongo uko tayari ulimini mwa Mama, wa semina ya kanisa au wa shangazi yule yule mgonjwa.

“Anaenda Australia,” Mama akasema. “Kufanya kazi. Kuna mtihani, na hajapita bado. Tuombee.”

Nikianguka sasa, Ekerenyo nzima itajua, na atakayepita na aibu hiyo sokoni ni Mama. Jirani akatua ndizi zake chini.

“Mbuya mono, vizuri sana,” akasema, akimpa Mama mkono wa pongezi. Kisha akanigeukia mimi. “Sasa mbona unaongea chini chini? Paza sauti, mama. Mungu hana haraka, lakini wazungu wanayo.”

Mtihani wa pili ulikuwa na mtahini mwingine, mwanamke. Kadi ilitaka nieleze mtu aliyenifunza jambo muhimu. Nilianza na kikapu cha chai, nikaendelea na jirani na ndizi zake, na yule mtahini aliponyoosha mkono kunisimamisha nilikuwa hata sijafika nusu ya mstari.

Matokeo yalinikuta zamu ya mchana. Niliyasoma mara tatu. Nimepita! Na alama ya juu kuliko zote ilikuwa ya kuzungumza! Nikampigia Mama, naye alikuwa kwenye foleni ya kupima majani, sauti za wanawake zimejaa kwenye simu. Kwa mazoea nikanong’ona.

“Mama, nimepita.”

“Sikusikii.”

“Nimepita. Naenda.”

“Ngoja niweke spika.” Kelele zikatulia. “Haya, wako wote hapa. Sema kwa Kizungu, kama shambani.”

Pale pale kwenye korido ya wodi, wagonjwa wakinikodolea macho, nikasema ninakokwenda, kazi nitakayofanya na mwezi nitakaoondoka. Sikushusha sauti hata mara moja. Nilipomaliza, nikamsikia Mama akiwauliza wenzake kama wameelewa. Wakasema hapana.

“Mtoto wangu anaenda Australia,” akawafasiria, kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na vigelegele vikaanza.