Shairi la Mama Lisubirilo Idhini

Blogu ya ukoo wetu ilifunguliwa na kaka yangu mkubwa, aishiye Nairobi, ili mawaidha ya marehemu baba yasipotee. Watu wetu wa kijiji cha Hadado waliotawanyika ng'ambo huisoma. Ndiyo sababu mama, ninayeishi naye hapa mtaani Galbet, alitaka shairi lake liwekwe humo. Alilitunga kwa ajili ya rafiki yake wa ujanani, aliyepelekwa ng'ambo kutoka kambi ya wakimbizi ya Hagadera na ambaye hatuna tena nambari yake ya simu. Katika ushairi wa wanawake wa kwetu, shairi linaloelekezwa kwa mtu hudai jibu, na jibu lenyewe liwe shairi. Mama alikuwa akilingojea.

"Yule hajawahi kuniachia neno lipite," aliniambia. "Nikimsifu ngamia wangu, wake ana nundu mbili."

Mtandao wetu haukuweza kufungua ukurasa wa kuandikia. Ulikatika kila ulipofika nusu. Nikaweka katika tarakilishi yangu programu ambayo mtu huandikia bila mtandao, nayo huyatuma maandishi yenyewe mtandao unaporudi. Nikajaza anwani ya blogu, kisha jina na neno la siri nililopewa na kaka. Ikakataa: mwenye blogu alipaswa kwanza kuruhusu maandishi yatumwe kwa programu ya nje. Nikampigia kaka.

"Abaayo, dada yangu, na vitabu vyako vyote, bado wanihitaji mimi nikufungulie mlango?"

"Fungua tu, aboowe," nilimjibu kaka. "Kejeli niwekee hadi Idi."

Akafungua. Programu ikavuta vichwa vya mawaidha yote ya baba, navyo vikajipanga upande wa kushoto. Nikabandika shairi kwa Kisomali, na tafsiri yangu ya Kiswahili chini yake, nikabonyeza. Ikatokea alama ya kijani: imetumwa.

"Limefika?" mama aliuliza.

"Limefika, hooyo."

Tangu hapo kila baada ya swala ya alasiri aliniuliza kama amejibiwa. Nilipoitazama blogu kwa simu, shairi halikuwemo. Nikaulaumu mtandao, nikalituma tena, kijani kikarudi. Hatimaye nilifungua, ndani ya programu ileile, orodha ya maandishi yaliyokwisha kupokelewa na blogu, ambamo kila andiko huonyeshwa hali yake. Mbele ya shairi la mama paliandikwa: linasubiri idhini. Kaka alikuwa amenisajili kuwa mchangiaji, ambaye neno lake halionekani mpaka yeye aliidhinishe.

"Umeisoma ile mishororo ya mwisho?" aliniuliza nilipompigia.

Nilikuwa nimeitafsiri. Humo mama anamkumbusha rafiki yake mwaka ambao baba alimchukua ngamia wa maziwa wa mama, akamtoa mahari ya mke wa pili, na rafiki huyo akawa anatukamulia sisi watoto maziwa ya ngamia wake mwenyewe.

"Watu wanamsoma baba kama sheikh," kaka alisema. "Wataka wamsome pamoja na ngamia wa mkewe?"

"Wewe pia ulinyweshwa maziwa ya ngamia wa yule mama."

"Abaayo, ifute mishororo hiyo, nalipitisha leo hii."

"Ndiyo inayodai jibu."

"Basi lisubiri."

Ningeweza kufungua blogu yangu siku ileile. Nani angeisoma? Watu wetu wa ng'ambo huja kwa ajili ya baba.

Mama alikuwa ameanza kusema kwamba uzee umemharibia ulimi, kwa hiyo nilimweleza ukweli: shairi halijamfikia mtu; mwanawe amelizuia.

"Aliona nimekosea wapi?"

"Hukukosea, hooyo."

"Mwanangu anajua mashairi. Lingekuwa zuri, asingelizuia."

Hajaniuliza tena. Kaka bado huweka waadhi mmoja wa baba kila Ijumaa, na kila nifunguapo programu, ule mpya hukaa juu na kulisukuma shairi la mama chini mstari mmoja.