Chujio la Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na mmoja alishona katika chumba kilichopakana na kile ambamo baba yangu, mdogo wake wa tumbo moja, alifanya mazoezi na bendi. Hakuna aliyemkaribisha. Aliusikia muziki ukiwa umezibwa na ukuta, mzito mzito, mpaka mtu afungue mlango ndipo sauti nyembamba nazo zimfikie.

Mpiga kinanda wetu alipohama, shangazi akaja na kinanda chake mwenyewe. Kina swichi ya kuzungusha, ya chujio: kushoto, sauti nyembamba zinachujwa na kubaki ile ya nyuma ya ukuta, kulia, mlango unafunguka. Hakuiacha swichi hiyo hata kidogo.

Baba alichukia. "Dada, nataka sauti safi. Kesho meneja wa ukumbi anatusikiliza. Ukigusa hiyo swichi, rudi kwenye cherehani yako."

Mimi ni mpiga gitaa, na ni mwoga. Nikamnong'oneza, "Shangazi, aliye juu mngoje chini."

"Nimengoja miaka kumi na mmoja, mwanangu. Sasa namfuata huko huko juu."

Kesho yake, wimbo wa kwanza tu, akaizungusha swichi kushoto kabisa. Kinanda kikafifia. Fundi mitambo akadhani spika imekufa. Akaikimbilia, akatikisa waya, akaipiga kofi. Papo hapo shangazi akaanza kufungua, taratibu, hadi sauti ikajaa ukumbi mzima. Wahudumu waliokuwa wakipanga viti wakampigia makofi fundi mitambo. Naye, bila haya, akainama kushukuru!

Nilicheka hadi nikakosea gitaa. Baba hakucheka.

"Shuka," akamwambia dada yake mbele za watu.

"Sishuki."

Meneja akasogea jukwaani. "Hapo kinanda kilipoanzia mbali kikatufikia, hapo pazuri. Rudieni."

Baba akamwashiria shangazi kwa kidevu.

"Siitwi kwa kidevu," shangazi akasema, mikono mapajani. "Umenifukuza kwa mdomo, niombe kwa mdomo huo huo."

Nilimwonea baba huruma, lakini si sana.

"Dada," akasema, "naomba urudie."

Akarudia. Safari hii aliifunga sauti kwa muda mrefu zaidi, akatungojesha kadiri alivyotaka yeye.