Mtoto wa Kiangazi na Vyura wa Masaka

Nilipokuwa bado mtoto wa kufukuzwa wakubwa wanapoanza mazungumzo yao, huko Masaka, Bibi yangu mzaa mama alikuwa na imani moja ambayo hakuificha mbele ya padri wala mbele ya daktari wa mifugo: kwamba binadamu naye ana msimu wake wa kutafutana, kama ndege, kama vyura. Padri alicheka. Daktari wa mifugo alikohoa akaangalia viatu vyake. Sisi wajukuu tuliambiwa twende tukachote maji, tukajibanza nyuma ya jiko, tukasikia yote.

"Mtama ukishavunwa," Bibi alisema, "watu wameshiba, pombe iko kwenye mtungi, harusi kila kilima. Hapo hata mzee mwenye magoti mabovu utamwona anaoga mara mbili kwa siku. Mnafikiri ni usafi? Huo ndio msimu wetu. Mtoto akipatikana hapo, anazaliwa masika, vyura wakilia."

Hao vyura ndio waliokuwa kiini cha imani yake. Mtoto anayezaliwa masika, bonde lote likipiga kelele, anajua mara moja kwamba amefika duniani. Lakini anayezaliwa kiangazi, bonde likiwa kimya, hajui kama ametoka. Anadhani bado yuko tumboni. Basi analala, hataki ziwa, analala tu, mpaka anarudi alikotoka. Bibi aliishi miaka mingi Karagwe, upande wa Tanzania, ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni, na sijui kama imani hiyo aliitoa huko au aliitunga mwenyewe. Sijawahi kumkuta mtu mwingine anayeijua.

Naandika haya kwa sababu mwaka huu nimezaa, mtoto wangu wa kwanza, msichana, na nimemzaa Julai, vumbi likiwa hadi kwenye kope, na siku zake za mwanzo alilala vilevile alivyosema Bibi. Nilikuwa namweka kwenye ziwa, anafungua mdomo, ananyonya kidogo, halafu kichwa kinaanguka pembeni kama mtu aliyechoka na kazi. Namtikisa, halii. Nimesoma sekondari mimi, mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba kondoo wa nchi za baridi huanza kupandana siku zinapofupika, na kwamba mwili wa binadamu hauna msimu maalumu, nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama zangu zote. Lakini mtihani haukuwa na mtoto ndani yake. Nikiwa nimemshika huyu, katika chumba chetu cha kupanga hapa mjini, Biryogo, biolojia yote ilitoka mlangoni akaingia Bibi, na Bibi amekufa zamani, na bado aliingia.

Maana nilishaona. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwamba nilishaona kwa macho.

Mama Mdogo Dativa, mdogo wake mama, alikuwa ameolewa na fundi mwashi aliyefanya kazi ng'ambo ya mpaka, Uganda. Watu wengine walirudi nyumbani wakati wa mavuno. Yeye alirudi Oktoba, mvua ikinyesha, akiwa na godoro jipya kichwani. Bibi alimpokea vizuri, akampa chakula, kisha akasema mbele yetu sote, "Baba, mbona umekuja wakati watu wanapalilia?" Yule fundi hakuelewa. Mama Mdogo alielewa, akafunika uso kwa kanga. Mtoto akazaliwa Julai. Wa kiume, mzima, vidole vyote, na hakulia ila kidogo, kama paka aliyefungiwa kabatini. Halafu akalala.

Nakumbuka nyumba ile ilivyobadilika. Hakuna aliyesema kwa sauti. Walimpeleka kituo cha afya, wakaambiwa mtoto hana homa, mama ajitahidi kumnyonyesha. Mama Mdogo alijitahidi hadi akawa analia maziwa yakimtiririka kwenye nguo, mtoto amelala. Na Bibi, ambaye alikuwa amesema maneno yote yale kwa kujigamba, sasa alinyamaza. Nadhani hakuna kitu kinachomtisha mtu kama kuona imani yake inataka kuwa kweli juu ya damu yake.

Alasiri moja akamfunga mtoto mgongoni, akanipa mwavuli wa kumkinga na jua, akachukua galoni la maji, tukashuka bondeni. Kiangazi kile kinamasi kilikuwa kimepasuka kama kisigino. Matuta ya viazi vitamu, mtaro mkavu, nyasi za kijivu. Bibi akafungua galoni, akamimina maji yote mtaroni, taratibu, huku akigeuza mkono ili yaanguke kama mvua. Nikamwuliza, "Bibi, tunafanya nini?"

"Tunawadanganya."

Tukasubiri. Ardhi ikanywa maji, ikabaki doa jeusi. Hakuna chura hata mmoja aliyedanganyika. Bibi akapiga magoti akaweka mdomo karibu na ufa wa ardhi, akasema kama mtu anayegonga mlango wa jirani, "Yewe, mmoja tu. Mmoja tu anatosha." Nikacheka, nilikuwa mtoto. Aliponigeukia nikaona analia, nami sikuwahi kumwona Bibi akilia, nikashika mwavuli kwa mikono miwili na kumtazama yule mtoto mgongoni mwake, amelala, mdomo wazi, vumbi kwenye nyusi. Tukapanda kilima.

Hofu hiyo ndiyo niliyoirithi. Watu wengine hurithi shamba.

Basi hapa Biryogo, jirani yangu Mama Shakuru, anayeshona nguo mlango wa pili, alipokuja kunitazama akasema, "Uyu mtoto iko analala sana, wewe. Apana ngoja. Peleka." Nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi akamvua nguo, akamtazama macho na ngozi, akampima damu kisiginoni, akasema ana umanjano kidogo, wa kawaida, si wa kulazwa, ila umanjano unamfanya azidi kusinzia, na mtoto anayesinzia hanyonyi, na asiyenyonya anazidi kusinzia. Akaniambia nirudi naye kupimwa tena, na nisisubiri aamke mwenyewe, nimwamshe mimi.

Ningenyamaza, lakini mimi nikiogopa nasema ovyo. Nikamwambia yote, Bibi, mtama, vyura, baba yake mtoto ambaye ni dereva wa malori na alirudi Oktoba kama yule fundi mwashi, nikamwuliza, "Dada, niambie ukweli. Binadamu ana msimu? Nimemzaa nje ya msimu?"

Alicheka hadi akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. "Mama, tungekuwa na msimu mimi si ningepata likizo? Mnakuja hapa mwaka mzima! Mwaka mzima, Krismasi, Pasaka, siku ya umuganda, watu wote wakiwa kwenye kazi za pamoja!" Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Humura," akasema, usiogope. "Kuna miezi wodi inajaa zaidi, ni kweli. Mnafunga ndoa Julai na Agosti kwa sababu hakuna mvua ya kuharibu mahema, mnatufikia Aprili na Mei. Hayo ni mambo ya mahema. Mwili wako haujui mwezi gani. Na huyu hajui pia." Akamkwangua binti yangu unyayo kwa kucha, taratibu, binti akakunja uso, akafungua mdomo, nikampa ziwa, akanyonya.

Nilirudi nyumbani na hilo. Lilinisaidia, sisemi halikunisaidia. Lakini hofu haiondoki kwa sababu imejibiwa. Nikawa namvua soksi, namkwangua unyayo, ananyonya kidogo, analala, namkwangua tena, na kila akinyamaza nasikiliza kama anapumua.

Nilichosahau katika hofu yote ile, na sijui nilikisahau vipi, ni jinsi hadithi ya Mama Mdogo ilivyokwisha.

Ilikwisha siku ya kumpa mtoto jina. Kwetu siku hiyo watoto wa jirani wanaitwa, wanapewa vijiti vifanye kazi ya majembe, wanalima kashamba kadogo mbele ya nyumba kwa niaba ya mtoto mchanga. Wakilima kidogo, mtu mzima anawarushia maji na kupiga kelele, "Nimuhingure, imvura iraguye!" yaani acheni kulima, mvua inanyesha, nao wanakimbilia ndani kula chakula walichoandaliwa na kila mmoja kumtajia mtoto jina. Safari ile walitaka kuiacha sherehe. Mama yangu alisema mtoto mwenyewe hali yake hii, tutamwita nani? Bibi akasema, "Aitwe. Akiondoka, aondoke na jina."

Tukalima. Vumbi tupu. Mama Mdogo alikaa mlangoni, mtoto mapajani. Bibi akatoka na beseni, akaturushia maji, akapiga kelele ile kwa sauti iliyokatika katikati. Maji yalikuwa baridi. Watoto wote walijua vyura wanafanya nini mvua ikinyesha, na wote walikuwa wamesikia wakubwa wakinong'ona kwamba mtoto wa Dativa anangoja vyura. Sikumbuki nani alianza. Ningependa kusema ni mimi. Mmoja akachuchumaa matopeni, akavimbisha mashavu: kroo! Mwingine akajibu, kroo, kroo! Mara wote tuko chini, tunaruka, tunasukumana, nguo za Jumapili zimeharibika, bonde zima la vyura mbele ya mlango, kiangazi, saa nane mchana.

Mtoto akarusha mikono juu kama mtu aliyesukumwa. Uso ukawa mwekundu. Akalia. Akalia, jamani, kilio cha mtu aliyeudhiwa, kilio chenye mapafu, mbwa wa jirani akabweka. Mama Mdogo akampa ziwa kwa haraka, naye akalishika kwa nguvu hadi mama yake akapiga yowe. Bibi aliangusha beseni. Ndani, tulipoulizwa majina, kila mtoto alitaja Gikeri, chura, hakuna aliyekubali kutaja lingine. Kanisani wakamwandika Olivier. Hakuna anayemwita hivyo.

Nilikumbuka haya yote Mama Shakuru aliponiuliza kama na sisi tuna sherehe ya mtoto, kama wao Waislamu walivyo na akika. Nikasema tunayo, lakini hapa tutalima wapi, uchochoro wote ni saruji? Akaniangalia kama mtu asiye na akili. "Si uko na rafiki na shamba?" Nikampigia Gikeri.

Alikuja na pikipiki kutoka Masaka, amebeba kifuko cha udongo mapajani kama keki. Ni mrefu sasa, fundi wa kuchomelea, anainama kuingia kwangu. Akamwaga udongo kwenye beseni mbele ya mlango. Watoto wa uchochoro wakaja na vijiko, wakalima. Baba yake mtoto alishika ndoo, Mama Shakuru akamnyang'anya, "Wewe utamwaga kama dereva," akawarushia maji yeye mwenyewe, kwa furaha isiyo na huruma, na mimi nikasema ile kelele ya Bibi, na yangu pia ikakatika katikati.

Watoto wa Biryogo hawajui vyura. Walipiga kelele tu na kujifuta. Ndipo Gikeri, na ndevu zake, akachuchumaa kwenye saruji na suruali yake safi, akavimbisha mashavu. Kroo! Mtoto mmoja akamwambia mwenzake, "Uyu mzee iko mugonjwa." Kisha wote wakamwelewa kwa pamoja.

Binti yangu alirusha mikono juu. Akalia. Nikakaa chini palepale kwenye unyevu nikampa ziwa, na Gikeri akasimama juu yetu akijifuta magoti, akasema, "Dada, mimi nilikuwa hivi?"

"Ulikuwa mbaya zaidi."

"Basi atakuwa mrefu."

Amepata jina la Keza, alilitaja mtoto wa Mama Shakuru. Alipopimwa tena umanjano ulikuwa umeisha na uzito umepanda, na yule muuguzi akaniuliza, "Vyura hawajambo?"

Nimefikiri sana juu ya Bibi tangu siku hiyo. Nadhani alikosea kuhusu msimu, lakini hakukosea kuogopa. Vyura na ndege huzaa mvua inapowahakikishia kwamba kuna chakula. Sisi mtoto anakuja mwezi wowote, godoro likirudi Oktoba anakuja Julai, na hakuna mvua iliyoahidi kumsubiri. Kwa hiyo wanatoka watu na beseni. Bibi alilishika beseni lile siku ile bila kuamini kwamba litafaa kitu, na akarusha maji hata hivyo. Ningependa kuwa mama wa namna hiyo. Najaribu.

Mvua za kwanza zimefika. Jumapili tulikwenda Masaka, nikamfunga Keza mgongoni, jioni nikashuka naye bondeni hadi kwenye ule mtaro, sasa umejaa. Vyura walikuwa wanalia hadi sikusikia simu yangu ikiita. Nikamgeuza kifuani ili asikie vizuri, nikamwambia, haya, ndio hawa.

Alikuwa amelala, shavu limejaa maziwa. Sikumwamsha.