Bakuli Lililorudi Bila Kuoshwa

Mwalimu aliyetufundisha Kiingereza kidato cha tatu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa huko huko Kajiado ilikokuwa shule yetu. Alikuwa na tabia ya kusoma ukurasa mmoja wa riwaya kwa sauti, kisha anafunga kitabu na kututazama bila kusema neno, mpaka mmoja wetu ashindwe kuvumilia na kuuliza swali. Kabla yake, fasihi kwetu ilikuwa kazi ya kukariri. Tulinunua miongozo, vile vijitabu vyembamba vyenye orodha ya wahusika na maudhui, tukavimeza kama vidonge. Riwaya zenyewe wengi wetu hatukuwa tumezifungua.

Wiki yake ya kwanza aliikusanya miongozo yote, akaipanga ndani ya katoni na kuifungia kabatini. Hakuwa na hasira yoyote.

"Mtarudishiwa," alisema. "Kwa sasa tusome kitabu."

Kitabu cha mwaka ule kilihusu mwanamke anayeishi katika kambi ya wachuma chai. Mwanawe wa kiume, pamoja na wenzake, wanamuua mlinzi wa kiwanda. Kijana anarudi nyumbani na shati lenye damu, mama anaficha shati lile ndani ya pipa la mahindi na hasemi kitu. Polisi wanamkamata jirani asiye na hatia, anafungwa. Tangu siku hiyo, kila jioni, mwanamke huyu anapika chakula zaidi, anakitia kwenye bakuli na kumpelekea mke wa yule jirani. Hivyo tu. Sura kumi na mbili za mwanamke kupeleka bakuli.

Nilikuwa na nakala iliyopoteza jalada, iliyopitia mikononi mwa wasichana watatu kabla yangu. Tulipofunga shule mwezi wa nne tulikuwa tumefika sura ya nne. Mwalimu akatupa kazi ya likizo ambayo hatukuwahi kupewa na mtu.

"Malizeni kitabu," alisema. "Lakini kila siku mkisoma, msimulieni mtu mmoja wa nyumbani. Kwa lugha yoyote anayoelewa. Akiuliza swali, msilijibu. Liandikeni kwenye daftari."

"Na kama haulizi kitu?" msichana mmoja akauliza.

"Basi hujasimulia vizuri."

Mtu wangu wa nyumbani alikuwa Yeyo, mama yangu. Alikuwa na duka la maziwa Kitengela, chumba kimoja chenye friza, meza ya kigae na mitungi ya alumini iliyokuja alfajiri kutoka Isinya. Aliacha shule darasa la tano. Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabu lita na kusalimia wageni. Nyumbani tulichanganya Kimaa na Kiswahili, na kwa lugha hizo mbili nikaanza kumsimulia, mimi nikiosha chupa, yeye akipima maziwa.

Siku ya kwanza nilifanya haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kazi. Nilipofika kwenye shati, akaacha kupima.

"Aliliosha kwanza?" akauliza.

"Shati?"

"Ee. Kabla ya kulificha."

Nikafungua kitabu na kutazama. Hakuliosha. Nikaandika swali kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kwa nini mama mwenye maji na sabuni afiche damu jinsi ilivyo. Niliketi pale na chupa mkononi. Nilikuwa nimekisoma kipande hicho mara mbili nisione kitu.

Kuanzia hapo hakunipa nafasi. Asubuhi, hata kabla sijanywa chai, alikuwa akiuliza, "Huyo mama ameamkaje?" Aliuliza kama anayeuliza habari za mtu wa mtaa wa pili. Wateja wakija tulinyamaza, wakiondoka tuliendelea. Nilijifunza kusimulia polepole. Nilijifunza kutaja vitu vidogo, kwa sababu ndivyo alivyotaka: alipika nini, alivaa nini, mlango ulifunguliwa na nani.

Jumapili ya pili ya likizo, kanisani, mchungaji alipouliza nani ana ombi la maombi, Yeyo akasimama.

"Niko na dada mmoja," alisema. "Ameficha kitu kwa nyumba yake na kinamumaliza. Anataka kusema, lakini akisema atapoteza mtoto. Naomba tumkumbuke."

Kanisa zima likafumba macho. Mimi nilifumbua yangu, nikatazama mabega ya watu waliokuwa wakimwombea mwanamke wa ukurasa wa themanini na moja. Sikujua kama nicheke au nipige magoti.

Jumanne kiongozi wa akina mama wa kanisa akafika dukani na mfuko wa unga na sukari. Alikuwa mwanamke mkubwa, mfanyabiashara wa mbao, mtu asiyependa kupoteza wakati.

"Tunataka kumtembelea yule dada," alisema. "Anakaa wapi?"

Yeyo alifuta mikono kwenye aproni. "Yuko kwa kitabu cha msichana wangu."

Yule mama akanitazama, akamtazama Yeyo, akatazama mfuko wake. Nilitamani kujificha nyuma ya friza.

"Tumeombea mtu hayuko?" akauliza.

"Nilijua hayuko," Yeyo akajibu kwa utulivu. "Lakini wako wangapi hapa Kitengela wako na kitu kama hicho, na hawawezi kusimama kanisani waseme? Hayo maombi hayajapotea."

Yule mama aliweka mfuko chini. Kisha akageuza kreti, akakalia, akasema, "Haya. Imefika wapi?"

Nikamsimulia tangu mwanzo. Alipoondoka alisahau mfuko wake, tukaipelekea familia moja iliyokuwa na mgonjwa.

Shida ilikuja nilipomaliza kitabu. Mwisho wake ulinivunja. Mwanamke yule hasemi kamwe. Jirani anafia gerezani, mwanawe anahamia mbali, na yeye anazeeka akipeleka bakuli. Nilikaa nacho mapajani nikimfikiria Yeyo na watu wote waliofumba macho. Nikaona siwezi kuwapelekea habari kama hiyo. Kesho yake, Yeyo alipouliza, nikamwambia mwanamke alikwenda polisi akaeleza ukweli. Jirani akafunguliwa. Familia mbili zikachinja mbuzi na kula pamoja.

Nilidhani nimesimulia vizuri sana. Yeyo aliendelea kumimina maziwa kwenye sufuria, hakumwaga hata tone.

"Nani amekuambia hivyo?" akauliza.

"Kitabu."

"Hapana. Hiyo ni wewe."

Nikachukua chupa nyingine nikaanza kuiosha.

"Mtu amelala na hilo shati miaka tisa," akasema. "Hawezi kuamka siku moja hivi hivi akaenda polisi. Wewe umechoka kumuonea huruma, ukataka apumzike. Niambie vile iliandikwa."

Hakuwa amesoma hata mstari mmoja, na bado alijua mahali mwandishi alipoishia na mahali mimi nilipoanzia. Nikamwambia ukweli wote, huku machozi yakinitoka. Yeye hakulia. Aliketi, mikono ikiwa mapajani.

"Na bakuli?" akauliza baadaye.

"Bakuli gani?"

"Si ulisema siku hizi linarudi bila kuoshwa?"

Nilikuwa nimesema. Nilikitaja kama kitu kidogo tu, kwa vile yeye alipenda vitu vidogo. Mwongozo ulikuwa na mstari mmoja kuhusu jambo hilo, niliukumbuka: bakuli chafu ni ishara ya ukame na uhaba wa maji kambini.

"Hakuna mwanamke anarudisha bakuli la jirani likiwa chafu," Yeyo akasema. "Hata kama maji ni kikombe kimoja. Utalipangusa hata na majani. Ukilirudisha chafu, umesema kitu."

"Amesema nini?"

"Amesema, mimi najua." Akainuka kumhudumia mteja.

Niliandika kwenye daftari: Kwa nini bakuli lilirudi bila kuoshwa? Sikuandika jibu lake, kwa kuwa tuliambiwa tuandike maswali tu.

Shule ilipofunguliwa mwalimu alichukua madaftari yetu, akakaa nayo siku tatu. Siku ya vipindi viwili mfululizo aliingia akiwa ameshika langu.

"Simama," aliniambia. "Hili swali la bakuli ni la nani?"

"La mama yangu, mwalimu."

"Anafundisha?"

"Anauza maziwa."

Nilitarajia wenzangu wacheke, maana tulichekana kwa mambo madogo kuliko hilo. Hakuna aliyecheka, kwa sababu mwalimu mwenyewe alikuwa na uso ambao hatukuwahi kuuona. Alituambia tufungue vitabu tutafute kila mahali bakuli lilipotajwa. Darasa likajaa sauti ya karatasi. Mmoja akasoma kutoka sura ya pili: bakuli lilirudi liking'aa. Mwingine, sura ya tano: lilirudi limeoshwa, na ndani yake viazi vitatu vya shukrani. Sura ya sita, limeoshwa. Kisha sura ya nane, ugali umekaukia ukingoni. Sura ya tisa, vilevile. Sura ya kumi, vilevile, mpaka mwisho wa kitabu.

"Na huo ukame unaanza sura ya ngapi?" mwalimu akauliza.

Tukatafuta. Ukame ulikuwa umeanza sura ya tatu.

"Basi sura ya saba kulitokea nini?"

Sura ya saba hakukuwa na kitu. Ndivyo tulivyodhani. Ilikuwa ile sura fupi ambayo mwongozo uliipa mistari miwili. Msichana niliyeketi naye dawati moja, asiyezungumza sana, alikuwa ameinama juu ya kitabu chake akifuata maneno kwa kidole. Akainua mkono. Katika sura ile, alisema, mke wa jirani anakuja kuazima mahindi. Mwenye nyumba hayupo. Mtoto anamwambia aingie ajichotee mwenyewe pipani. Kisha mwandishi anasema tu kwamba alirudi nyumbani na kopo likiwa nusu, ingawa pipa lilikuwa limejaa.

Hapo nikaelewa. Mkono wa mke wa jirani uliingia ndani ya mahindi, ukagusa kitambaa, na akaacha kuchota. Miaka yote iliyofuata alipokea chakula cha mama wa muuaji, akakila pamoja na watoto wake, kisha akarudisha bakuli chafu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetamka neno. Mwandishi aliliweka jambo hilo pale na hakumwambia mtu. Lilikuwa katika kila nakala darasani, hata ile yangu isiyo na jalada, likimngoja anayejua mambo ya vyombo vya jirani.

Mwalimu alikwenda nyuma ya darasa akaketi kwenye dawati tupu, kama mwanafunzi.

"Nimefundisha hiki kitabu kwa miaka mingi, shule nilizotoka," alisema. "Nimewaambia wasichana wengi kwamba ni maji yalikosekana. Wengine nimewapa alama kwa jibu hilo." Akaliweka daftari langu juu ya dawati. "Hilo bakuli sikuliona."

Wakati wetu ulikwisha. Mwalimu wa biolojia alifika mlangoni na chaki zake, akasubiri, kisha akaingia taratibu akasimama kando ya ukuta kusikiliza. Tulikuwa tumeanza sura ya kwanza upya.

Ningependa kusema kwamba mtihani wa mwisho ulituuliza kuhusu bakuli. Haukuuliza. Ulituuliza kuhusu tamthilia, na alama yangu ilikuwa ya kawaida. Leo ninauza dawa hapa Kitengela, kazi ninayoipenda, na mara nyingi mtu akinieleza kinachomuuma mimi husikiliza zaidi lile alilolitaja kwa kupita.

Siku ya wazazi ya muhula ule wa bakuli, Yeyo alikuja Kajiado, amevaa shuka yake nzuri na viatu vyeupe. Mwalimu alitoka ofisini mbio kidogo, jambo ambalo si kawaida kwa mwalimu.

"Takwenya," akamsalimu, ameinamisha kichwa kama binti.

"Iko," Yeyo akaitikia, akamgusa utosini.

Waliketi kwenye benchi nje ya bwalo, wakazungumza kwa Kimaa. Nilidhani watazungumza juu yangu. Walizungumza juu ya mke wa jirani. Mwalimu alitaka kujua kwa nini aliendelea kula chakula kile kama alijua. Yeyo akamwambia watoto walikuwa na njaa, na tena, mtu akikuletea chakula kila siku kwa sababu ya hatia yake, ukikikataa utakuwa umemfungua kabla hajalipa. Mwalimu alitoa kalamu akaandika hilo kwenye kiganja, kwa vile hakuwa na karatasi. Wazazi wengine walipita na ripoti za watoto wao wakielekea langoni. Nilisimama pembeni, ripoti yangu mkononi, na kati ya Yeyo na mwalimu hakuna aliyekumbuka kuniuliza.

"Na yule kijana?" Yeyo akauliza. "Kitabu kinasema alijua mama yake ameliona hilo shati?"

"Hakisemi, Yeyo," mwalimu akajibu, akasogea karibu zaidi. "Wewe unaonaje?"